Vigae vya Ufukweni, Kilwa Kisiwani
Maji yakipwa, tazama chini. Bahari inamega ukingo wa mji wa kale na kuacha vigae mchangani. Kigae chekundu au cheusi kisichong'aa ni cha chungu cha wafinyanzi wa pwani. Pengine masizi ya jikoni bado yameshika mgongoni. Cha kijani kinachong'aa, kizito, chenye kijivu palipovunjika, huenda ni seladoni ya China iliyoletwa na kaskazi enzi za kasri la Husuni Kubwa, karne ya 14. Chupa yenye mshono hadi mdomoni ni ya mashine, ya juzi tu.

Kigae kilichochomoza ukingoni usikichomoe: tabaka lake ndilo linalowapa wanaakiolojia umri wa kuta zilizo jirani. Mwonyeshe mhifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vigae hivi.