Reli inavyotandikwa, na sababu ya njia mbili za Isaka kutoungana

KATIKA michezo ya kompyuta ya treni, kama Trainz iliyotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Auran ya Australia, mchezaji hutandika reli kwa kuburuta kipanya. Ncha mbili zikikaribiana, kompyuta huziunganisha na treni hupita.

Ardhini mambo ni tofauti. Huko Isaka, mkoani Shinyanga, zinakutana njia mbili za reli ambazo ncha zake haziwezi kuunganishwa, hata zikiwekwa pua kwa pua.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kupitia Isaka, Shinyanga na Malampaka lilifika Mwanza mwaka 1928, enzi za Waingereza. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000.

Njia ya pili ni reli ya kisasa, SGR, yenye upana wa milimita 1,435. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilometa 341 pamoja na njia za kupishana, kiliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 14, 2021. Hadi mwaka 2025 ujenzi wake ulikuwa bado unaendelea.

Utandikaji wa reli huanza na tuta. Katika maeneo mengi ya Shinyanga kazi hiyo hukumbana na udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaochimbwa majaruba ya mpunga. Masika udongo huo hunyonya maji na kuvimba. Kiangazi hukauka na kupasuka. Reli ikilazwa juu yake bila maandalizi hupinda, hivyo mafundi hulazimika kuuondoa au kuufunika kwa udongo imara na changarawe.

Juu ya tuta humwagwa kokoto, kisha hupangwa mataruma. Mataruma hushikilia vyuma viwili visiachane wala kusogeleana, nazo kokoto hugawa uzito wa treni na kupitisha maji ya mvua. Kwa sababu hiyo, tuta lililosombwa na mafuriko huweza kusimamisha safari hata kama vyuma vyenyewe ni vizima.

Hatua inayofuata ni kuunganisha. Njia ya zamani ya kufanya hivyo ni kubana ncha mbili kwa vibao vya chuma na bolti, na kuacha upenyo mdogo. Upenyo huo ndio unaotoa mlio wa kugongagonga ambao abiria wa Reli ya Kati wanaufahamu. Hauachwi kwa uzembe: chuma chenye urefu wa kilometa moja, joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi, hutaka kurefuka kwa takribani sentimeta 35.

Njia ya pili ni kuchomelea. Unga wa alumini na oksaidi ya chuma huwashwa, ukatoa chuma kilichoyeyuka chenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000, kinachomiminwa kati ya ncha hizo. Mbinu hiyo iligunduliwa na Mjerumani Hans Goldschmidt katika miaka ya 1890. Reli iliyochomelewa haina upenyo, hivyo hutegemea mataruma na kokoto kuizuia isijipinde kwa joto.

Hata hivyo, hakuna bolti wala moto unaoweza kuunganisha upana usiolingana. Magurudumu ya behewa hukazwa kwenye mhimili kwa nafasi maalumu, na tofauti ya milimita 435 iliyopo Isaka haiachi nafasi ya kujadiliana. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, ambako Reli ya Kati hukutana na Tazara yenye upana wa milimita 1,067, tofauti haifikii upana wa kiganja, lakini mizigo hulazimika kuhamishwa.

Dawa mojawapo ni kuongeza chuma cha tatu ili treni za aina zote mbili zitumie tuta moja. Vietnam ina njia ya namna hiyo kaskazini mwa Hanoi, kwa upana ule ule wa milimita 1,000 na 1,435. Tanzania ilichagua kujenga SGR peke yake, ikiwa ya umeme na yenye uwezo wa kubeba tani 35 kwa kila mhimili.

Uamuzi huo una maana kubwa kwa ukanda wa dhahabu. Geita haina reli. Dhahabu yenyewe haihitaji behewa, lakini mafuta, saruji na mitambo ya migodi huhitaji. Mzigo unaofika kwa treni hushushwa Isaka au Mwanza na kumaliza safari kwa lori, ama kupitia Kahama, ama kupitia Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025.

Kwa hiyo, mfanyabiashara wa Geita anapokadiria nauli ya mzigo wake, kilometa za reli peke yake hazimtoshi. Hana budi kuhesabu pia ni mara ngapi mzigo huo utashushwa na kupakiwa upya, kwa kuwa kila mara moja huongeza siku, vibarua na gharama.