Chini ya Kiti cha Enzi

Wageni wengi wanaoingia Bustani ya Umoja, ndani ya kasri la Menelik jijini Addis Ababa, hukimbilia kuwatazama simba, kisha ukumbi wa enzi, ambako sanamu ya nta ya mfalme Haile Selassie imeketishwa kitini. Hupiga picha wakaenda zao. Lakini kisa kizito zaidi cha kasri hili kimo katika vyumba vya chini.

Mfalme Menelik wa Pili alilijenga mwishoni mwa karne ya 19, jiji lenyewe likiwa bado changa. Haile Selassie alipopinduliwa, Septemba 12, 1974, wanajeshi wa Derg, baraza la kijeshi lililotwaa madaraka, walimtoa katika kasri lake jingine wakamtia kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo, yeye aliyezoea Rolls-Royce. Baadaye aliletwa hapa kwa Menelik, mfungwa katika nyumba ya wafalme.

Mawaziri na majenerali wake walirundikwa katika vyumba vya chini, vyenye kuta za mawe. Miongoni mwao walikuwa mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu Habte-Wold na Endelkachew Makonnen. Usiku wa Novemba 23 mwaka ule ule walitolewa humo, wakapelekwa gerezani na kupigwa risasi. Hawakusomewa shtaka wala kupewa nafasi ya kujitetea. Watu wapatao 60 waliuawa usiku ule.

Februari 3, 1977 risasi zikalia ndani ya kasri lenyewe. Jenerali Teferi Banti, mwenyekiti wa Derg, aliuawa pamoja na wenzake, na Mengistu Haile Mariam, mwenzao katika Derg, akashika hatamu zote. Alitawalia papo hapo.

Mfalme alikuwa ametangazwa kufa kwa maradhi Agosti 1975, ila kaburi halikuonyeshwa. Mengistu alikimbilia Zimbabwe Mei 1991. Mwaka uliofuata mifupa ya mfalme ilifukuliwa ndani ya ua wa kasri, chini ya zege. Miaka yote ile dikteta alikuwa akikanyaga ardhi iliyomficha mzee waliyempindua! Haile Selassie alizikwa kwa heshima Novemba 5, 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu.

Mengistu alihukumiwa kifo mwaka 2008 bila yeye kuwapo mahakamani. Kasri nalo lilifunguliwa kwa wananchi Oktoba 2019. Ukijaliwa kufika, shuka kwanza vyumba vya chini, usimame kidogo. Simba na kiti cha enzi vitazamwe baadaye.