Living in Bondage: filamu ya utajiri wa kafara na ujumbe unaoingia kwenye simu yako

Wasikilizaji hutuuliza swali hili kwa namna nyingi: hivi mtu anaweza kweli kujiunga na chama cha siri, akamtoa ndugu yake kafara, akatajirika? Swali lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia kwenye filamu moja ya Nigeria iliyotoka mwaka 1992. Hata kama hujaiona, hadithi yake unaijua. Umeshaisikia kijiweni, umeshaiona kwenye filamu nyingine kumi zilizoiga, na pengine imeshakufikia kwenye simu ikiwa imevaa nguo nyingine.

Filamu hiyo inaitwa Living in Bondage, yaani kuishi utumwani. Inamhusu Andy Okeke, kijana wa Lagos mwenye mke mwema anayeitwa Merit. Andy amehangaika na kazi, hakuna kinachokaa. Marafiki zake wanapita na magari ya fahari, yeye anahesabu nauli. Siku moja anakutana na Paulo, rafiki wa zamani ambaye sasa ana fedha, na Paulo anamwambia kuna njia. Njia yenyewe ni chama cha siri kinachokutana usiku. Sharti la kuingia ni moja: umlete mtu unayempenda kuliko wote.

Hapo ndipo filamu inapobana. Andy anajaribu kuwadanganya wenzake kwa kumpeleka mwanamke wa mtaani aitwaye Tina, akidai ndiye mkewe. Hila inashindikana, na Tina anaokoka. Mwishowe Andy anampeleka Merit mwenyewe, mwanamke aliyemvumilia wakati hana kitu. Fedha zinakuja kweli. Lakini mzimu wa Merit nao unakuja, na haumwachi. Andy anaishia kuwa kichaa anayeokota chakula jalalani, mpaka Tina yule yule aliyetaka kumuua anapomkuta na kumpeleka kanisani akaungame.

Tukiulizwa sisi, kitu kinachomtisha mtazamaji ni kimya cha Merit kuliko mavazi na mishumaa ya wale wanachama. Alimwamini mumewe hadi mwisho.

Iliyotengenezwa kwa kanda za dukani

Mtayarishaji wake, Kenneth Nnebue, alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki na kanda za video. Mwongozaji alikuwa Chris Obi Rapu. Kenneth Okonkwo aliigiza Andy, na Nnenna Nwabueze akaigiza Merit. Filamu ilizungumzwa kwa Kiigbo ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, ikarekodiwa kwa kamera ya video, ikauzwa moja kwa moja kwenye kanda bila kupita sinema. Iliuzwa kwa wingi mno. Wengi huhesabu biashara kubwa ya filamu za Nigeria, ile tunayoiita Nollywood, kuwa ilianzia hapo.

Kwa nini hadithi hiyo, na kwa nini wakati ule? Mwaka 1986 Nigeria ilianza mpango wa kurekebisha uchumi, thamani ya naira ikaporomoka, na mshahara wa mtu wa kawaida ukawa hautoshi. Wakati huo huo watu wachache walionekana kutajirika ghafla, bila shamba, bila duka, bila kazi inayojulikana. Baadhi yao walikuwa matapeli, wengine walikuwa karibu na watawala wa kijeshi. Jirani asiyejua fedha imetoka wapi hutafuta maelezo, na maelezo ya kafara yalikuwepo tayari. Filamu iliyachukua ikayapa sura.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni yote. Septemba 1996, katika mji wa Owerri mashariki mwa Nigeria, mtoto wa miaka 11 aliuawa na viungo vyake kuchukuliwa katika hoteli iliyoitwa Otokoto. Wananchi walifanya ghasia, wakachoma majumba ya watu waliowashuku kuwa na utajiri wa aina hiyo. Mwenye hoteli alihukumiwa kifo baadaye. Kwa hiyo wapo watu walioua kwa kuamini kwamba damu huleta fedha. Mauaji ni ya kweli. Kilichokosekana, pale na kwingineko, ni huo utajiri unaodaiwa kutoka kwenye damu.

Ilivyofika kwetu

Kanda za Nigeria zilienea Tanzania na Kenya miaka ya mwanzoni ya 2000, zikaoneshwa kwenye vibanda vya video mijini na vijijini. Asiyejua Kiingereza alisaidiwa na wasimulizi waliotafsiri kwa Kiswahili juu ya filamu, wakiongeza na vichekesho vyao. Kisha wasanii wetu wakaanza kucheza na Wanigeria. Marehemu Steven Kanumba aliigiza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom, filamu inayohusu nguvu za giza na utajiri. Huyo Nouah ndiye aliyekuja kuongoza mwendelezo wa Living in Bondage mwaka 2019, ambamo mtoto wa Andy, kijana mkubwa sasa, anavutwa na chama cha siri kile kile cha baba yake.

Kanumba alipofariki Aprili 2012, uvumi ulisambaa kwamba Freemason wamehusika, na watu wakaitaja filamu yake kama ushahidi. Kesi iliyofika Mahakama Kuu ilikuwa ya kuua bila kukusudia, iliyotokana na ugomvi nyumbani kwake, na hukumu ilitolewa mwaka 2017. Uvumi wa Freemason haukuisha hata hivyo. Filamu ikishaingia kichwani, hukumu ya mahakama huiondoa kwa shida.

Alama na majengo

Freemason wapo kweli. Baraza lao kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717. Alama yao, bikari na pembe-mraba, ni vifaa vya fundi mwashi wa zamani. Dar es Salaam wana jengo lao barabara ya Sokoine, mchana kweupe, na kibao kinaonekana. Mfanyabiashara maarufu Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, aliwaongoza Afrika Mashariki kwa miaka mingi na aliandika na kuzungumza hadharani kuhusu uanachama wake. Wana maapizo na sherehe za faragha, na mtu ana haki ya kutozipenda. Viongozi wengi wa dini hawazipendi. Lakini katika chama hicho mwanachama ndiye anayelipa ada. Hakuna anayekabidhiwa mamilioni kwa kuingia.

Illuminati nao walikuwepo. Kilikuwa chama cha wasomi kilichoanzishwa na profesa Adam Weishaupt huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1776, kikapigwa marufuku na mtawala wa pale miaka michache baadaye. Lile jicho ndani ya pembetatu ambalo watu hulionyesha kwenye noti ya dola moja lilitokana na muhuri wa taifa la Marekani wa mwaka 1782. Kabla ya hapo Wakristo wa Ulaya walilichora makanisani, likimaanisha Mungu aonaye yote.

Ujumbe wa simu unavyofanya kazi

Sasa tuje kwenye simu yako. Ujumbe unasema: jiunge na Freemason, upate utajiri, piga namba hii. Matangazo ya namna hiyo hubandikwa hata kwenye nguzo za umeme. Aliyeandika amehesabu kwamba umeshaziona filamu, kwa hiyo hana haja ya kueleza sana.

Ukipiga, anapokea mtu mwenye sauti ya upole, anajiita ajenti au katibu. Mara nyingi anaahidi kwamba safari hii hakuna kafara ya damu, na mteja anashusha pumzi. Inayofuata ni fedha ya fomu, kiasi kidogo tu. Kisha ya usajili. Kisha ya kusafirisha "mzigo" wako kutoka nje ya nchi. Kila malipo yanaitwa ya mwisho. Ukisita, upole unaisha: unaambiwa jina lako limeshaandikwa, ukirudi nyuma watoto wako watadhurika. Hapo mtu anauza mbuzi au mahindi ya akiba kumlipa mtu ambaye hajawahi kumwona. Na hamwambii mke wala mume, kwa sababu ataanzaje kueleza kwamba alikuwa anajiunga na nini? Tapeli anaitegemea aibu hiyo.

Ajenti huyo hana mamlaka juu ya mtu yeyote wa nyumbani kwako. Ana namba ya simu na jina lililotokea ulipotuma fedha. Usilipe tena. Kama umeshatuma, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wote bila kuufuta. Kwa walioko Tanzania, ujumbe wa kitapeli husambazwa kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Madhara mengine hayapiti kwenye simu kabisa. Mtu akijenga nyumba ya bati jipya na mwaka huo huo akafiwa na mtoto, minong'ono ya ndagu huanza msibani, na mara nyingi wanaoianza ni ndugu. Hapo mfiwa anageuzwa kuwa mshtakiwa. Na Kanda ya Ziwa tunajua imani hii ilipofika: kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioambiwa viungo hivyo huleta mali, na Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika baadhi ya kesi hizo walioshukiwa walikuwa watu wa familia ya aliyeshambuliwa, wakiwemo wazazi.