Ng'wandu mbele ya kompyuta

Kisesa, kilomita 20 hivi mashariki ya jiji la Mwanza, watu walianza kuandikishwa kaya kwa kaya mwaka 1994 kwa ajili ya utafiti wa Virusi vya UKIMWI. Mwaka 2015 watafiti walianza kuoanisha kumbukumbu hizo na za wagonjwa wa kituo cha afya. Namba moja ya utambulisho ya kuziunganisha haikuwapo. Ilibidi watumie majina.

Majina ya Usukumani yana visa vyake. Ng'wandu karani mmoja humwandika kwa ritifaa, mwingine bila ritifaa, wa tatu humwita Mwandu. Tena ritifaa ndiyo inayofunga maandishi katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Usipoiandika mara mbili, kompyuta inagoma.

SQL ilibuniwa IBM na Chamberlin na Boyce, wakaitangaza 1974. Ilipopata kanuni rasmi Marekani mwaka 1986, amri ya LIKE, ya kutafuta maandishi yanayofanana, ilikuwamo: alama ya asilimia husimama badala ya herufi zozote, mstari wa chini badala ya herufi moja. Hapo ndipo utata ulipoingia. Je, "ng'wandu" na "NG'WANDU" ni mamoja? Kwa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, hapana. Kwa mwenzake MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ndiyo. PostgreSQL ikaongeza ILIKE isiyojali herufi kubwa, na kanuni za 1999 zikaleta SIMILAR TO. Ipo pia kwa PostgreSQL alama ya wimbi, ~, ya kutafuta kwa ruwaza zenye asili katika hisabati ya Stephen Kleene ya miaka ya 1950. Andika LIKE 'wandu' na hupati mtu, kwa kuwa LIKE hudai jina zima lilingane. Andika ~ 'wandu' na wanakuja Mwandu na Ng'wandu pamoja. Mwongozo wa PostgreSQL unayasema haya, lakini mifano yake ya LIKE ni "abc". Karani wa masjala ataambulia nini hapo?

Kisesa hawakutegemea amri hizo. Programu yao ililipa kila jina alama za kufanana, kwa hesabu iliyojengwa juu ya kazi ya Fellegi na Sunter ya 1969, ikapima pia kijiji, mwaka wa kuzaliwa na jina la balozi wa nyumba kumi. Orodha ya watu wanaoelekea kuwa ndiye mgonjwa ilipotokea, mfanyakazi wa utafiti alimuuliza mgonjwa mwenyewe, akiwa amekaa mbele yake.