Mistari Isiyo na Wino

Katika karne ya 10, mafundi wa mapambo na wataalamu wa jiometri wa Baghdad walibishana juu ya swali lililoonekana jepesi: miraba mitatu iliyo sawa ikatwe vipi ili iungane kuwa mraba mmoja? Abu al-Wafa al-Buzjani (940–998), bingwa wa hesabu, alikuwapo, na akasimulia ubishi huo katika kitabu alichowaandikia mafundi. Wasomi waliweza kuuchora upande wa mraba mkubwa, lakini fundi alitaka kujua apitishe wapi kisu. Mikato ya mafundi nayo ilipendeza machoni, ila ukiipima haikutimia. Abu al-Wafa akauacha mraba mmoja mzima, akaikata miwili kona kwa kona, akazipanga pembetatu nne kuuzunguka ule wa kwanza. Kisha akaunganisha pembe mraba zao kwa mistari. Vipande vilivyotokeza nje vikajaza mapengo, visizidi wala visipungue.

Ninaipenda habari hii kwa sababu inamrudishia fundi heshima yake. Nakshi za nyota tunazozistaajabia misikitini zilihitaji msomi na fundi wasikilizane.

Waajemi huziita girih, yaani fundo. Ushahidi wa namna zilivyochorwa umehifadhiwa Istanbul, katika Gombo la Topkapi, la mwishoni mwa karne ya 15 au karne ya 16: karibu mita 30 za karatasi, michoro 114. Chini ya wino kuna mistari iliyokwaruzwa kwa ncha kavu, duara na miale iliyoibeba nakshi nzima. Ukutani mistari hiyo haionekani kamwe.

Mwaka 2007, watafiti Peter Lu na Paul Steinhardt walieleza kwamba nakshi nyingi za aina hii zingeweza kupangwa kwa maumbo matano tu, likiwemo la pembe kumi. Katika kaburi takatifu la Darb-i Imam, Isfahan, lililojengwa mwaka 1453, nakshi kubwa imebeba ndogo ndani yake, kwa mpangilio unaokaribia sana ule ambao mwanahisabati Roger Penrose aliueleza kihesabu katika miaka ya 1970. Mafundi hawakuacha uthibitisho wa maandishi, waliacha ukuta. Watafiti hao walipoulinganisha na vipande 3,700 vya Penrose, walikuta dosari 11 tu, wakaona huenda ziliingia wakati wa ujenzi au ukarabati.