Kujifunza lugha kwa masikio: njia ya kambi na njia ya masomo

Katika mila zetu hakuna mzee aliyefungua kitabu kusudi ajifunze lugha ya jirani. Mtu alioa upande mwingine, ao alienda kutafuta chumvi na samaki, akakaa na wenyeji. Alisikiliza, akasema, wakamcheka, akasema tena. Kisha miezi kadhaa lugha ikawa yake. Leo wataalamu wanaita hiyo „méthode directe", njia ya moja kwa moja: kufundisha lugha kwa kusikia na kusema, bila kutafsiri. Hapa kwetu njia hiyo ilipita mara mbili. Mara ya kwanza haikuwa na mwalimu, na ilifaulu. Mara ya pili ilikuwa na mwalimu, inspekta na programu ya serikali, na matunda yake tunayajua.

Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikitoka Rhodesia. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta watu wa kazi mbali sana: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na kuanzia miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Katika kambi Mbemba alikuwa jirani ya Muluba, na Muluba jirani ya Munyarwanda. Kiswahili kilikuwako upande wa mashariki tangu biashara ya watu wa pwani na siku za Msiri, lakini kwa wengi wa wale wafanyakazi kilikuwa lugha ya kigeni kabisa. Nani aliwafundisha? Siku ya kwanza kapita alisema „lete", „shika", „weka", „ngoja", na mkono wake ukaonyesha. Hakuna aliyeandika neno upande mmoja na maana yake upande mwingine. Angeandika katika lugha gani, na watu walikuwa wa makabila kumi?

Lakini amri peke yake hazitoi lugha. Mtu anayejua „lete" na „ndiyo bwana" tu, huyo bado hajasema kitu. Lugha iliota kwenye bomba la maji, sokoni, kanisani, kwenye mupira, kwenye kilio. Wanawake ndio waliifanya kazi kubwa. Kampuni ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae na jamaa zao kambini, mama alipaswa kuomba moto kwa jirani asiyejua lugha yake, kugombana naye, kisha kupatana naye. Watoto wao walizaliwa ndani ya Kiswahili kile. Tunasisitiza jambo hili juu wengi wanaandika kwamba Kiswahili cha Katanga kililetwa na kampuni na wamisionari. Walikichagua, ni kweli. Lakini kukichagua ni kitu kimoja, na kukifundisha ni kingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville katika Kiswahili cha mji, kwa niaba ya watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Lugha iliyoingia kwa masikio ilikuwa imefika kwenye karatasi.

Wazungu nao walikuja kwenye njia hii kisha kuchoka na ile nyingine. Mfaransa François Gouin, mwalimu wa Kilatini, alienda Hamburg kujifunza Kijerumani. Alikariri sarufi, akakariri maelfu ya maneno ya kamusi, akatoka nje kusema na watu: hakusikia kitu. Aliporudi kwao alikuta mtoto wa ndugu yake, wa miaka mitatu tu, anasema bila shida. Akamwangalia mtoto yule akicheza mambo aliyoyaona kwenye kinu cha kusaga, kitendo baada ya kitendo, huku anayasema. Katika kitabu chake cha mwaka 1880 akashauri kufundisha vile: ninasimama, ninaenda kwenye mlango, ninafungua mlango. Huko Providence, Marekani, Maximilian Berlitz alifungua shule mwaka 1878. Inasimuliwa kwamba aliugua, akamwachia darasa Mfaransa asiyejua Kiingereza hata kidogo. Kisha wiki sita alikuta wanafunzi wanaongea Kifaransa. Mwaka 1902 serikali ya Ufaransa iliamuru njia hiyo kwa lugha za kigeni katika shule za sekondari.

Tuangalie vizuri ile amri ya Ufaransa. Mtoto wa kule alisoma Kiingereza ao Kijerumani kwa saa chache tu katika juma. Hesabu na historia vilibaki katika lugha yake. Hakuna aliyemkataza Kifaransa uwanjani.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Wakati wa ukoloni shule nyingi za misioni zilianzisha watoto katika lugha za nchi, na Kifaransa kilikuja nyuma, tena si kwa wote. Wazazi waliona mlango umefungwa mbele yao. Wanaowalaumu wakubwa wa mwaka 1962 wasisahau hasira ile. Katika mwaka ule serikali ya Léopoldville iliamua Kifaransa kiwe lugha ya masomo tangu mwaka wa kwanza wa primari. Nchi ilikuwa imepasuka, na kuchagua lugha moja kati ya Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kungeamsha ugomvi. Na wazazi wengi walifurahi.

Basi mwalimu akasimama mbele ya kelasi ya watoto hamsini ao zaidi. Somo la „élocution": anainua kitabu, „Ceci est un livre." Watoto wote: „Ceci est un livre!" Anashika chaki, anaandika, anafuta, na anasema kila anachofanya. Ni Gouin mwenyewe, ingawa jina lake halijulikani pale. Lakini mtoto anaimba na jirani zake; ukimwuliza peke yake, iko kimya. Saa inayofuata hesabu inaanza katika lugha ileile ambayo bado hajaisikia. Tena mwalimu mwenyewe, mara nyingi, alikuwa amejifunza Kifaransa chake kitabuni, na alisema tu sentensi za somo. Hakuweza kutania nacho, wala kugombana nacho. Joly, yule Mfaransa wa Berlitz, hakuwa na lugha nyingine ya kutumia, na kwa hiyo wanafunzi wake walisikia watu wanavyoongea kweli. Wale waliofundishwa sekondari na walimu wa Haiti, waliokuja kisha uhuru, walipata kidogo kitu cha namna ile: mtu anayekasirika na kucheka katika Kifaransa.

Mahali mahali paliongezwa adhabu. Aliyesema Kiswahili uwanjani alivalishwa „symbole" shingoni, akatafuta mwenzake wa kumpa. Hapo ndipo tunaona kosa lenyewe. Kufundisha bila kutafsiri si kufundisha kwa kunyamazisha. Katika kambi hakuna aliyemkataza Munyarwanda lugha yake jioni nyumbani, na bado Kiswahili aliingia nacho kaburini.

Mwaka 1974 wanalugha walikutana Lubumbashi na kuomba lugha zetu zirudi shuleni; miaka ileile zikaanza kurudi katika kelasi za chini. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali kama lugha za kufundishia na inazitaja pia kama somo. Hata vile, wazazi wenye uwezo wanalipa kusudi mtoto aanze na Kifaransa tangu „maternelle". Na ndani ya kelasi tafsiri haikuondoka hata siku moja. Mwalimu anasema sentensi, mtoto mmoja wa benchi ya mbele anaelewa, anageuka, ananong'ona kwa Kiswahili, na maana inapita benchi kwa benchi mpaka nyuma.