Chombo Kipya na Mkono wa Kale

Mithali husema kuwa mchagua jembe si mkulima. Ilitungwa kumsuta mvivu ambaye huona kasoro katika kila mpini ili asiingie shambani. Walakini ipo mithali nyingine isemayo kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ya kwanza yamtaka mtu afanye kazi kwa kile alicho nacho. Ya pili yakiri kuwa kazi isiyo na zana ya kufaa haisogei. Baina ya mithali hizi mbili pana ugomvi wa kale, na ugomvi huo umezuka upya mahali ambapo wahenga wasingedhani kuutafuta, nao ni uwanja wa mashindano ya michezo ya video ya mapigano.

Katika michezo hii watu wawili huketi mbele ya kioo, kila mmoja akiongoza mpiganaji wake. Picha ya kioo hubadilika mara 60 katika kila sekunde, na yapo mapigo yaungwayo kwa kubonyeza kitufe katika picha moja tu, si kabla yake wala baada yake. Muda wa namna hiyo hautoshi kwa mtu kutafakari. Mkono hauna budi kuijua njia kabla akili haijamaliza kutoa amri. Kwa hiyo mchezaji anayebadili chombo chake habadili kifaa peke yake, bali huvunja mapatano ya miaka mingi kati ya vidole na akili, kisha huanza kuyafunga upya. Historia ya michezo hii yaweza kusomwa kama historia ya mapatano hayo, jinsi yalivyofungwa, yalivyovunjwa na yalivyogombewa.

Mchezo wa Street Fighter ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1987. Baadhi ya mashine zake za kwanza zilikuwa na pedi kubwa mbili, moja ya ngumi na moja ya teke. Kadiri mchezaji alivyoipiga pedi kwa nguvu, ndivyo pigo la kwenye kioo lilivyozidi ukali. Wazo hilo lilipendeza kwa kulisikia, lakini lilikuwa adhabu kwa mwili. Mikono ilichoka na kuuma, na pedi zilichakaa upesi kwa vishindo. Toleo la vitufe sita likachukua mahali pake: vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, kila kimoja na kiasi chake cha nguvu. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, kwamba chombo kikishindana na maumbile ya mkono, chombo ndicho kitakachoondoka. Street Fighter II ulipotoka mwaka 1991 na kuenea duniani, wenzo mmoja na vitufe sita vilikuwa vimekwisha kuwa alfabeti ya mchezo. Kurusha moto wa Hadouken, mchezaji alisukuma wenzo chini, akaupitisha mshazari, akaufikisha mbele, kisha akabonyeza ngumi. Maelfu ya vijana waliijua amri hiyo kwa kiganja kabla ya kuweza kuieleza kwa maneno.

Wenzo wenyewe ni kitu rahisi kukitazama. Ule wa Kijapani una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Ule wa Kimarekani wa zamani ulikuwa na umbo la rungu. Chini ya bamba mna swichi ndogo nne, moja kwa kila upande, na springi irudishayo ufito katikati. Katika nyenzo za kampuni ya Sanwa Denshi, ambazo zimetumiwa sana katika mashindano, ufito huo huzuiliwa na fremu ya mraba, na pembe za mraba ndizo mahali pa mishazari. Wakorea, ambao ni mabingwa wa mchezo wa Tekken, huzipenda nyenzo zirudishwazo katikati na pete ya mpira badala ya springi. Tofauti hizi ni ndogo kwa mtazamaji, lakini kwa mchezaji ni sawa na tofauti ya lafudhi: neno ni lile lile, na ulimi hukataa.

Ndiyo sababu chombo kipya hakipelekwi mashindanoni siku kinapotoka dukani. Springi mpya ni kavu, na humrudisha mtu katikati upesi kuliko alivyozoea. Baada ya matumizi mengi hulegea, na wako wachezaji wanaoipenda tu ikisha kulegea. Vitufe navyo vina desturi zao. Kitufe cha Sanwa, chenye kipenyo cha milimita 30, hakingoji kukandamizwa. Kidole kikikilalia tu, amri imekwisha kwenda. Mtu aliyezoea vitufe vizito, ambaye kwa miaka alipumzisha vidole juu yake, huona mpiganaji wake akitupa mateke ambayo hakuyaagiza. Humbidi ajifunze kuvishika vidole vyake hewani. Kisha hurudia amri moja mara nyingi mno akiwa upande wa kushoto wa kioo, na akiisha huirudia akiwa upande wa kulia, kwa kuwa wapiganaji wakipishana kila amri hugeuka. Mwanzoni hugonga pembe za fremu ili ajue mishazari iko wapi. Baadaye hujifunza kutozigonga, kwa maana kila mgongano humpotezea wakati. Kazi hii haina watazamaji wala makofi. Mara nyingi humfanya mtu kuwa dhaifu kuliko alivyokuwa kabla ya kununua chombo, na wengi hurudi kwenye kile cha zamani katika siku hizo za udhaifu.

Kwa muda mrefu taabu hiyo haikuwa ya lazima. Mashindano ya Battle by the Bay, yaliyoanza California mwaka 1996 na kuitwa Evolution tangu 2002, yalichezwa juu ya mashine za majumba ya michezo. Mchezaji alikikuta chombo huko huko, kama msafiri akutavyo kisima njiani. Mwaka 2004 wasimamizi waliyahamishia mashindano yote kwenye mashine za nyumbani, na wazee wa mchezo walinung'unika. Tangu hapo kila mtu alikwenda kisimani na ndoo yake mwenyewe, na swali la kuchagua jembe likazaliwa.

Katika mashindano hayo hayo ya 2004 ndimo Daigo Umehara wa Japani alimokutana na Justin Wong wa Marekani katika Street Fighter III: 3rd Strike. Uhai wa mpiganaji wa Umehara ulikuwa umebaki kidogo mno, hata kujikinga kwa kawaida kungemmaliza. Wong aliachilia shambulio la mateke 15 mfululizo. Umehara aliyazuia yote kwa kusukuma wenzo kuelekea adui mara moja kwa kila teke, kila mara katika wakati wake, kisha akajibu na kushinda mzunguko huo. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Watu husifu ujasiri wake, na wana haki. Lakini pamoja na ujasiri palikuwa na mkono uliolelewa na nyenzo za majumba ya michezo tangu utotoni.

Mwaka 2009, Street Fighter IV ulipofika kwenye mashine za nyumbani, kampuni ya Mad Catz iliuza sanduku la kuchezea lenye wenzo na vitufe vya Sanwa, na hivyo mtu aliweza kuweka mezani kwake vile vile vilivyokuwa ndani ya mashine za Japani. Wengi waliamini kuwa bila sanduku la namna hiyo hapana ubingwa. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2014. Mfaransa Olivier Hay, aitwaye Luffy, alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV katika Evolution akiwa na kidhibiti kidogo cha PlayStation ya kwanza, mashine iliyotoka Japani mwaka 1994. Siku hiyo mithali ya mchagua jembe ilipata shahidi wake.

Lakini ile ya pili nayo ilikuwa njiani kumtafuta wake. Kilikuwa kimekwisha kuzuka chombo kisicho na wenzo kabisa, kilichojulikana kwa jina la Hit Box: sanduku la vitufe vitupu, ambamo vidole vya mkono wa kushoto hubonyeza nyuma, chini na mbele, na kidole gumba hurusha mpiganaji juu. Faida yake ni umbali. Wenzo hauna budi kusafiri kutoka nyuma, kupita katikati, hadi mbele. Kidole kilicho juu ya kitufe kimekwisha kufika. Kwa mpiganaji kama Guile, ambaye silaha yake hutaka mtu ashikilie nyuma kwa kitambo kisha aende mbele ghafula, faida hiyo si ndogo.

Umehara, ambaye wakati huo alimchezesha Guile katika Street Fighter V, alikichukua chombo cha aina hiyo naye akikaribia umri wa miaka 38. Hapo ndipo ukubwa wa jambo ulipoonekana. Duara alilolichora kwa kiganja tangu utoto halikuwa na kazi tena. Hadouken ikawa kushikilia chini, kuongeza mbele juu yake, kisha kuiachilia chini. Kuruka, ambako mkono mzima ulikuvuta kwa wenzo, kukaachiwa gumba peke yake. Bingwa alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya macho ya watu. Na alipokuwa angali anafunga mapatano hayo mapya, mwaka huo huo wa 2019, Capcom iliamua kuwa sanduku lake halikubaliki katika mashindano yake rasmi, kwa sababu ya namna vitufe vyake vya uelekeo vilivyofanya kazi.

Uamuzi huo uligawa watu. Walioupinga walisema kuwa chombo hakimfundishi mtu lini apige wala lini angoje, na kwamba kila aliyetaka angeweza kukinunua na kuteseka nacho kama mwenziwe. Waliouunga mkono walisema kuwa mchezo ulipimwa kwa wenzo, ambao hauwezi kuwa nyuma na mbele kwa wakati mmoja. Vidole viwili vyaweza. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Ustadi una heshima kwa kuwa una gharama, na mwenye kulipa gharama hukasirika akiona mlango wa kando. Lakini si kila wepesi ni wizi, ama sivyo wachezaji wangalikuwa bado wanazipiga pedi za mwaka 1987.

Kanuni za Capcom za mwaka 2023, uliotoka Street Fighter 6, zilikata shauri kwa njia ya kati. Sanduku la vitufe liliruhusiwa, ila pande mbili zipinganazo zikibonyezwa pamoja sharti zifutane, asipate mtu faida ya kuwa mahali pawili. Wachezaji wengi mashuhuri walikwisha kuhamia huko, na wengine walibaki na wenzo wao bila ya kuona haya.

Mithali mbili za mwanzo, basi, hazikuwa maadui. Mkulima ana ruhusa ya kuchagua jembe, na wakulima wenzake wana haki ya kuulizana ni majembe gani yaingie katika shamba la pamoja. Baada ya hapo huja kazi ambayo duka haliuzi wala kanuni haitoi. Jembe jipya halina sugu. Sugu huota katika kiganja, polepole, kwa mtu anayekubali kulima vibaya kwa muda ili baadaye alime vema.